Nebula bila darubini, ukiwa Moshi

Dada, umeuliza kama kamera yako ya kawaida na lenzi ya milimita 50 zinaweza kupata nebula ya Orioni, lile wingu la gesi na vumbi angani, bila darubini. Zinaweza kabisa!

Subiri Januari au Februari, usiku usio na mwezi, kundi la nyota la Orioni likiwa juu kabisa. Usipande kuelekea mlimani, mawingu yatakunyima. Shuka tambarare, upande wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, taa za mji ziwe nyuma yako, na usiende peke yako.

Kinachoharibu picha za wengi ni fokasi. Zima fokasi ya otomatiki, elekeza kamera kwenye Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, kuza picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera, kisha zungusha pete taratibu mpaka nyota iwe kitone kidogo kuliko vyote. Ukipitiliza inavimba tena, rudi nyuma kidogo. Kisha geuzia kamera kwenye Orioni.

Stendi ni lazima. Weka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600, muda sekunde 5 tu, kwa sababu dunia inazunguka na nyota zitaanza kuvutika. Piga picha 100 au zaidi za RAW, yaani faili ghafi ambazo kamera haijazibana, uziunganishe kwa DeepSkyStacker, programu ya kompyuta ya bure. Picha moja ina chengachenga. Mia zikiunganishwa, ule wekundu wa haidrojeni unajitokeza.

Ukimaliza, geukia Kilimia, lile fungu dogo la nyota. Ni rahisi zaidi, na kinapendeza mno.