Mankozebu kwenye nyanya za Luiche

Kaka pole, umesema umepuliza mankozebu, ile dawa ya ukungu, mara mbili kwenye nyanya zako na majani bado yanaungua, ukauliza pia kama ina madhara, sasa tatizo ni kwamba hiyo dawa haiponyi, inakaa juu ya jani tu kama ngao, kuvu akishaingia ndani haimfikii na mvua kubwa ikipiga inaoshwa. Asubuhi geuza jani, ukikuta ukungu mweupe pembeni ya baka ujue ni bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza majani na kuozesha nyanya, hapo tafuta dawa yenye mankozebu na metalaksili pamoja maana metalaksili inaingia ndani ya mmea, ila usiirudie rudie peke yake msimu mzima, ugonjwa utaizoea. Ng'oa majani na matunda yaliyooza, usiyaache shambani.

Kuhusu madhara, yapo kaka. Ule unga wa njano wa mankozebu unawasha ngozi na macho, na dawa ikivunjikavunjika inatoa kemikali inaitwa ETU inayosumbua tezi ya shingo. Umoja wa Ulaya walikataa kuiongezea kibali mwaka 2020, sababu moja ni hatari kwa mtoto aliye tumboni, kwa hiyo shemeji akiwa mjamzito asichanganye wala asifue nguo zako za kupulizia. Vaa glavu, barakoa na mikono mirefu, kuvuna subiri siku zilizoandikwa kwenye lebo.

Na nakuomba sana bomba usilioshee mtoni, hii kitu ni sumu kali kwa samaki na mto Luiche unamwaga Ziwa Tanganyika, migebuka tunayokula inatoka humohumo.