Jibu: Ndege mvumaji mmoja, majina matatu

Ndugu, umeuliza kwa nini ndege mvumaji uliyempiga picha Arizona ana majina matatu ya kisayansi, na uandike lipi kwenye kitabu chako. Hujachanganya picha zako. Amazilia violiceps, Leucolia violiceps na Ramosomyia violiceps ni ndege yule yule: utosi wa zambarau, tumbo jeupe, mdomo mwekundu.

Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya zamani, Amazilia, ilikusanya ndege wasio na asili moja, ikabidi ivunjwe. Kikundi kidogo chenye ndege huyu kikapewa jina Leucolia. Baadaye ikaonekana kwamba kwa kanuni za uainishaji jina hilo haliwafai, ndipo mwaka 2021 likaundwa Ramosomyia. Kero, najua.

Kwenye lebo andika Ramosomyia violiceps (Gould, 1859), na jina la zamani liweke kwenye maelezo ili picha itafutike. Usiondoe mabano: yanaonyesha kuwa Gould, aliyeielezea spishi hii kisayansi mara ya kwanza mwaka 1859, aliiweka katika jenasi nyingine. Kutafuta, tumia "violiceps" tu; hilo halikubadilika.

Angalizo kwa picha za Oaxaca: wagneri, ndugu wa karibu wa ndege huyu, huhesabiwa na baadhi ya wataalamu kuwa spishi kamili, wengine humweka chini ya spishi nyingine ya kikundi hiki, viridifrons. Chagua orodha moja ya majina ya ndege uifuate, na kabla ya kuchapisha kitabu muulize mtaalamu wa ndege wa makumbusho.