Shina lenye mabawa chini ya miti

SWALI: Naishi Ohio, Marekani. Nyuma ya nyumba kuna miti na unyevu. Nilisia mbegu za Verbesina alternifolia, mmea mrefu wa maua ya njano wenye shina lenye mabawa, mwezi Mei, hakuna hata moja iliyoota. Nimekosea wapi?

JIBU: Mbegu zako hazikupita baridi. Huu ni mmea wa asili ya huko huko, na mbegu yake hulala mpaka ionje majira ya baridi. Zimwage Novemba juu ya udongo uliokwanguliwa, uzikandamize kwa kiganja, usizifukie. Ukichelewa, changanya na mchanga mbichi usiotiririka maji, funga kwenye mfuko, weka kwenye friji siku 60, kisha usie.

Achanisha miche sentimita 60 hadi 90. Mwaka wa kwanza usitarajie maua mengi, unajenga mizizi. Baadaye hufika mita 2 na zaidi, na shina lina kingo nyembamba za kijani zinazoteremka kutoka kwenye majani, ndiyo mabawa yenyewe. Maua ya njano hutoka Agosti na Septemba, petali chache zimelegea nyuma kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Nyuki wenye manyoya huyapenda mno.

Penye kivuli kizito shina hurefuka likaanguka. Upe mmea jua la nusu siku, na mwanzoni mwa Juni kata nusu ya urefu. Mbolea achana nayo. Tena hujisambaza kweli kweli: kama bustani ni ndogo, kata vichwa vya maua kabla mbegu hazijapukutika.