Re: Programu inakubali kwenye kompyuta, mota haiwaki kwenye mashine

Habari ndugu. Umesema programu yako ya PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine) inaenda vizuri kwenye maabara ya kompyuta, lakini mbele ya mashine halisi mota haiwaki. Nilikwama hapo hapo mwaka wa tatu.

Anza na kitufe cha dharura. Kwenye mashine, swichi yake huwa imefunga, yaani inapitisha umeme, muda wote: usipokibonyeza, volti 24 zinaingia kwenye PLC na kitaa cha ingizo (taa ndogo inayoonyesha umeme umefika) kinawaka; waya ukikatika, mashine inasimama yenyewe. Kwenye kompyuta ingizo huanza na sifuri, yaani kama hakuna umeme, na huenda ndiyo maana ukaandika ingizo hilo kwa kinyume ili mota iwake. Inaniuma sana vyuo vinapobakiza kompyuta tu, maana hili hulioni huko.

Kitaa kikiwaka, ondoa alama ya kinyume kwenye programu. Mota ikibaki kimya, kagua relei ya ovalodi (swichi inayokata umeme mota ikizidiwa mzigo), huenda imeruka, yaani imejikata.