"Kumezwa na klathrini" au "kwa klathrini"?

Swali: Ninatafsiri somo la uuguzi kutoka Kifaransa, hapa Bukavu. "Endocytose médiée par la clathrine" nimeandika "LDL kumezwa na klathrini" (LDL ni chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu, klathrini ni protini ya ndani ya seli). Na ugonjwa wa ARH (kolesteroli nyingi ya kurithi) nimeueleza kuwa ni "upungufu wa vipokezi", yaani protini za utando wa seli zinazoishika LDL. Je, ni sawa?

Jibu: Yote mawili hayafai. La kwanza limeponzwa na "par", ambayo Kifaransa huitumia kwa mtenda na kwa kifaa vilevile. Katika Kiswahili sanifu, baada ya kitenzi cha kutendwa, "na" humtaja mtenda, "kwa" hutaja kifaa. Pale Kadutu, mjini kwenu, ukisikia "anakata nyama na kisu" hupotei, maana mkataji yumo ndani ya kitenzi. Ukigeuza iwe "nyama imekatwa na kisu", mkataji ametoweka na kisu kimekalia kiti chake. Vivyo hivyo umeifanya klathrini kuwa mdomo, na mmezaji ni seli. Klathrini ni tenga tu: kila molekuli ina miguu 3, na miguu hiyo husukana upande wa ndani wa utando hadi utando ubonyee na kuwa kifuko. Andika: "LDL humezwa na seli kwa msaada wa klathrini." "Hufyonzwa" pia liache, kinachofyonzwa hupenya, na LDL haipenyi utando, huingia imefungwa ndani ya kifuko pamoja na kipokezi chake.

La pili ni zito zaidi, kwa sababu hapo neno linabadilisha ugonjwa. Mgonjwa wa ARH ana vipokezi kwenye seli za ini, na vinaishika LDL. Kilichoharibika ni LDLRAP1, protini inayoshika mkia wa kipokezi kwa upande mmoja, na klathrini pamoja na AP2 (protini mwenzake klathrini) kwa upande wa pili. Isipofanya kazi, kipokezi hubaki juu ya utando na mzigo wake. Kolesteroli hujaa kwenye damu, huota vinundu kwenye kano, mishipa ya moyo huziba mapema. Basi vipokezi "vimekwama", havijapungua. "Upungufu" uuweke pale jeni ya LDLR, yaani ya kipokezi chenyewe, inaposhindwa kuvitengeneza. Huko jeni mbovu ya mzazi mmoja yatosha kuleta ugonjwa, ilhali ARH hudai ya baba na ya mama.

LDLRAP1 iite "protini unganishi". "Kiunganishi" wanafunzi wako wanakijua tayari, ni "lakini" na "kwa sababu".