Muulize Mwalimu wa Judo: Mieleka ya televisheni na mapambano ya kizimbani

Barua nyingi za safari hii zimegusa jambo moja: mieleka ya WWE, ile kampuni ya Marekani ya mieleka ya televisheni, na UFC, mapambano ya kweli ya ngumi, mateke na kukabana ndani ya kizimba cha wavu. Nami nimefurahi sana, maana ni jambo ninalolipenda tangu utotoni. Nimechagua tano.

Shikamoo mwalimu. Saluni tunakonyolea kuna ubishi usiokwisha. Mimi nasema mieleka ya WWE ni maigizo matupu, mshindi anajulikana kabla ya kengele. Mwenzangu ananiuliza: kama ni maigizo, Brock Lesnar aliwezaje kwenda UFC na kuchukua mkanda? Nimekosa jibu.
*Msomaji, Tanga*

Marahaba mwanangu. Kuhusu mshindi kujulikana mapema umesema kweli, ubishi huo ufungeni. Mwaka 1989 watu wa Vince McMahon, mwenye kampuni hiyo wakati ule, walikwenda wenyewe mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey wakaeleza kwamba wanachouza ni burudani, si shindano. Walitaka jimbo liache kuwasimamia kama linavyosimamia ngumi. Ninapokukatalia ni kwenye hilo "matupu".

Kabla ya WWE, Lesnar alicheza mieleka ya mkekani. Mwaka 2000, akiwa Chuo Kikuu cha Minnesota, alikuwa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika uzito wa juu. Mieleka hiyo haina kamba za kurukia wala kiti cha kumpigia mtu mgongoni. Ni watu wawili, refa na pointi. WWE walimchukua akiwa na sifa hiyo tayari, na Agosti 2002 wakampa ushindi dhidi ya The Rock na mkanda juu.

Sasa tafuteni pambano lake la kwanza UFC, Februari 2008, dhidi ya Frank Mir, mlitazame pale saluni pamoja. Sekunde chache tu Mir yuko chini, anashushiwa ngumi. Refa anasimamisha, anamkata Lesnar pointi kwa kupiga kisogoni, wanaanza upya, na Mir anarudishwa chini tena. Hapo Lesnar anafanya kosa la mgeni: anasimama juu ya mtu aliyelala bila kuchunga miguu yake mwenyewe. Mir anaudaka mguu mmoja, anaukumbatia kifuani, anausukuma kwa nyonga mpaka goti linataka kukunjika kwa mbele. Lesnar anagonga kwa kiganja, ishara ya kukubali kushindwa. Dakika moja na nusu, kwisha. Novemba mwaka huohuo alimpiga Randy Couture akachukua mkanda, na Julai 2009, kwenye UFC 100, akamlipa Mir.

Kwa hiyo mwambie mwenzako kwamba mkanda wa UFC Lesnar aliupata kwa mieleka ya chuo. WWE ilichompa ni jina. Ndilo lililompa nafasi ya kugombea ubingwa katika pambano lake la tatu tu UFC, nafasi ambayo wengine husubiri miaka. Si kwamba namsifu kwa yote: 2016 aliporudi kupigana na Mark Hunt vipimo vilimkuta na dawa zilizokatazwa, ushindi ukafutwa.

Kipimo kingine ni CM Punk. Bingwa mkubwa wa WWE, mzungumzaji hodari, lakini hakuwa na mieleka ya mashindano nyuma yake. Septemba 2016, pale Cleveland, Mickey Gall alimbwaga, akampanda mgongoni na kumpiga kabali katika dakika ya tatu ya raundi ya kwanza. Sikuona cha kucheka. Mtu wa karibu miaka 38 aliyekubali kuanza upya mbele ya dunia nzima ana moyo kuliko sisi tuliokuwa tumekaa kwenye makochi.

Tena tusisahau nani alimzaa nani. Mapambano haya ya kizimbani yana wazazi wengi, na mmoja wao ni mieleka ya kulipwa ya Japani. Karl Gotch, Mbelgiji aliyejifunza kukaba na kukunja viungo katika ukumbi wa Billy Riley mjini Wigan, Uingereza, aliwafundisha Wajapani mbinu ambazo ulingoni zilitumika kwa kuigiza lakini mazoezini zilikuwa za kweli. Wanafunzi wakachoka kuigiza. Satoru Sayama, aliyekuwa maarufu kwa kinyago cha Tiger Mask, alivua kinyago na mwaka 1985 akaanzisha Shooto, mchezo wa mapambano ya kweli. Masakatsu Funaki na Minoru Suzuki wakaanzisha Pancrase, mashindano mengine ya namna hiyo, Septemba 1993, miezi miwili kabla ya UFC ya kwanza kufanyika Denver. Ken Shamrock alipigana kote kuwili: alimshinda Funaki huko Japani, akaja kukabwa na Royce Gracie wa Brazili kwenye UFC ile ya Denver. Mwaka 1997 huyohuyo akaingia WWF, ndilo jina la WWE la wakati huo. Njia ile watu waliipita kwenda na kurudi tangu siku ya kwanza.

Salaam mwalimu. Kuna ile ya Lesnar ya kumkunja mtu mkono mpaka anapiga mayowe. Nimeiona WWE, nimeiona pia UFC. Inaumiza kweli au tunachezewa?
*Kijana wa Likoni, Mombasa*

Wa alaikum salaam. Sisi kwenye judo tunaiita ude-garami, dunia inaiita Kimura, na ni mbinu ileile pote.

Iko hivi. Wewe umelala chali, mpinzani yuko katikati ya miguu yako, ameegemea kiganja mkekani. Unakidaka kifundo cha mkono wake. Unajiinua ukae, mkono wako wa pili unapita juu ya bega lake, unazunguka nyuma ya mkono wake na kuja kushika kifundo chako mwenyewe. Mikono yako miwili sasa imefungana, wa kwake mmoja uko ndani, umekunjwa kwenye kiwiko. Unalala tena, unasogeza nyonga pembeni, na kukisukuma kiganja chake mgongoni kuelekea kichwani. Kiwiko hakina pa kwenda, bega nalo limefika mwisho. Wanafunzi wangu nawaambia wagonge kabla ya maumivu, wasingoje maumivu yawaambie.

Jina limetokana na Masahiko Kimura, ambaye kwangu hakuna mwanajudo aliyemzidi. Oktoba 1951, uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, alimfunga hivyo Helio Gracie, baba wa Royce. Helio alikataa kugonga. Mkono ukavunjika, na watu wa kona yake ndio waliotupa taulo. Desemba 1954 Kimura huyohuyo akapanda ulingo wa mieleka ya kulipwa Tokyo dhidi ya Rikidozan, nyota wa mieleka hiyo Japani. Kwa maelezo ya Kimura mwenyewe, walikuwa wamekubaliana watoke sare. Katikati ya mchezo Rikidozan akaanza kupiga kweli, Kimura akaanguka mbele ya taifa zima. Kila ninapokumbuka habari hiyo roho inaniuma. Mtu aliyekuja kucheza kwa makubaliano hakujilinda, kwa sababu aliamini mwenziwe.

Na hapo ndipo penye tofauti unayoiulizia. Desemba 2011 Frank Mir alimfunga Antonio Rodrigo Nogueira Kimura hii kwenye UFC, Nogueira akachelewa kugonga, mfupa wa juu wa mkono ukavunjika. Mwaka uliofuata Lesnar alitangazwa kumvunja mwanamieleka mwenzake Triple H mkono WWE kwa mbinu ileile, na ilikuwa hadithi tu. Tazama kwa makini picha za WWE: mikono imefungana sawasawa, uso umekunjamana, lakini kiwiko cha anayekabwa kimeachiwa nafasi na bega halizungushwi hadi mwisho. Anayepiga mayowe ndiye anayebeba nusu ya kazi. Amemwazima mwenziwe mwili wake, na mwenziwe ana wajibu wa kuurudisha mzima. Huo nao ni ufundi, nami siudharau hata kidogo.

Mwalimu, jambo. Papa alituelezeaga sana Ali na Foreman pale Kinshasa, 1974. Sasa nasikia miaka miwili nyuma yake Ali alipigana na mtu wa mieleka Japani. Ni kweli?
*Msomaji wa Bukavu*

Ni kweli kabisa. Mpe papa salamu zangu. Tarehe 26 Juni 1976, ukumbi wa Budokan, Tokyo, Muhammad Ali alipambana na Antonio Inoki, mwanamieleka aliyeanzisha New Japan Pro-Wrestling mwaka 1972.

Uhusiano wa Ali na mieleka ulianza zamani. Mwaka 1961, akiwa kijana anayeanza ngumi za kulipwa, alikutana Las Vegas na mwanamieleka Gorgeous George, mtu wa majigambo na nywele za kutengenezwa, akaona ukumbi umejaa watu waliolipa ili tu wamwone akipigwa. Mikwara yote ile papa aliyoisikia kabla ya Kinshasa, Ali mwenyewe alisema aliichota hapo.

Tokyo mambo yakawa mengine. Lilikuwa pambano la kweli, lakini kanuni zilikuwa zimemfunga Inoki: kumtupa Ali hakuruhusiwa, na teke lilitakiwa kupigwa goti moja likiwa chini. Basi Inoki akalala chali, akabaki hapohapo karibu raundi zote 15, akiyapiga mapaja na magoti ya Ali kwa mateke. Ali alizunguka akimwita asimame. Ngumi alizorusha zinahesabika kwa vidole. Matokeo sare, na watazamaji wakarusha takataka ulingoni wakidai pesa zao. Miguu ya Ali ilivimba, damu ikaganda, akalazwa hospitali. Septemba mwaka huo alipanda tena ulingoni na Ken Norton, akashinda kwa pointi ambazo mpaka leo watu wanazibishia.

Wengi huliita pambano baya kuliko yote. Mimi ninalitetea. Siku hiyo mabondia wote duniani walioneshwa kwamba mguu wa mbele ni shabaha, na leo hakuna mpiganaji wa kizimbani asiyejifunza kupiga teke la paja na kulizuia.

Jambo moja zaidi, kwa sababu ni la ukoo wangu wa judo. Refa wa siku hiyo alikuwa Gene LeBell, bingwa wa judo wa Marekani ambaye pia alikuwa mwanamieleka wa kulipwa. Mwaka 1963, mjini Salt Lake City, LeBell alikuwa amempiga kabali bondia Milo Savage hadi akazimia, kuthibitisha kwamba anayejua kukaba anamweza anayejua ngumi tu. Miaka mingi baadaye alikuwa mlezi wa Ronda Rousey, aliyepata medali ya shaba ya judo Olimpiki ya Beijing 2008, akawa bingwa wa UFC, kisha Aprili 2019 akawa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kufunga WrestleMania, onyesho kubwa la mwaka la WWE, kwa pambano kuu. Hata jina lake la "Rowdy" aliliomba kwa mwanamieleka Roddy Piper, aliyekuwa mwanafunzi wa LeBell.

Kaka, WWE na UFC sasa tajiri mmoja. Si na UFC watapanga washindi?
*Mfuatiliaji, Dodoma*

Ni kweli tangu Septemba 2023 ziko chini ya kampuni moja, TKO. Lakini majaji na refa wa UFC huko Marekani huteuliwa na kamisheni za majimbo, si na kampuni, na mtu aliyepangiwa kushindwa haachi mkono wake uvunjwe kama Nogueira. Wasiwasi wangu uko kwingine: nani anapewa pambano la ubingwa. Desturi ya kumpa nafasi mwenye mdomo na kumsubirisha anayeshinda kimyakimya imetoka mieleka, na kabla ya 2023 ilishaota mizizi UFC. Hilo ndilo la kupigia kelele.

Mwalimu, mwanangu ana miaka tisa. Akishatazama mieleka anaruka kutoka kitandani na kumwangukia mdogo wake wa miaka minne. Nimempiga marufuku televisheni, anakwenda kwa jirani. Nifanyeje?
*Mama wa wawili, Morogoro*

Dada yangu, pole. Hilo la kwa jirani halizuiliki, kwa hiyo mtazame pamoja, na umwambie ukweli wote: yule anayerukiwa anajua anarukiwa, amefundishwa kupokea, na aliyeruka anatua kwa mikono na magoti yake pembeni, si juu ya mbavu za mwenziwe. Mdogo wake hajui lolote kati ya hayo. Mweleze pia kwamba hata waliofundishwa huumia. Agosti 1997 Owen Hart alimgeuza Steve Austin kichwa chini na kumshusha kwa utosi vibaya kidogo tu. Austin alishindwa kusogea kwa muda pale ulingoni, na shingo ile ilimsumbua mpaka alipostaafu.

Katazo liwe moja, lisilo na msamaha: hakuna kumwinua mtu kichwa chini na hakuna kushika shingo ya mdogo wake. Mengine mpe pa kuyamalizia. Ukipata darasa la judo au mieleka ya mkekani hapo mjini, mpeleke. Wiki za kwanza hatafundishwa kumwangusha mtu, atafundishwa kuanguka: kidevu kifuani, mgongo umeviringika, kiganja na mkono mzima vinapiga mkeka pembeni ya mwili, pumzi inatoka wakati huohuo. Watoto hulipenda zoezi hilo kuliko wakubwa. Muulize mwalimu kama mikeka yake inatosha watoto wote waliopo, na kama hafundishi kabali kwa watoto wa umri huo. Akikujibu kwa kusitasita, tafuta mwingine. Wakati unatafuta, literemsheni godoro sakafuni, kitanda kikae bila godoro kwa muda.