Re: Filamu fupi ya mama mbangua korosho, simu moja na hela hamna

Mdogo wangu, umesema mko watano hapo chuo Mtwara, mnataka dakika kumi za mama anayebangua korosho na hamjui pa kuanzia. Anzieni kukaa kwake bila kamera. Siku mbili tatu hivi, kaeni mkekani mbangue nae, mtaona anavyojipaka majivu mikononi kwanza maana yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi si mchezo, na vidole vyeusi hata aoge vipi, sasa hiyo mikono ukiipiga karibu inatosha kabisa hamna haja ya mtu kulia na kinanda cha huzuni nyuma kama tamthilia zetu.

Na acheze mwenyewe jamani, msimvalishe kanga binti wa darasani kwenu. Waitaliano baada ya vita kuu ya pili walipiga filamu zao hivyohivyo, mtaani, na watu ambao hawajawahi kuigiza. Skripti ya kukariri msimpe, mwambieni tu mtu wa kangomba, yaani yule anayenunua korosho kimagendo kwa bei ya kutupa, kaja anataka korosho na mtoto anadaiwa mchango shule, mjibu unavyomjibu siku zote. (Huyo wa kangomba awe mmoja wenu, msije mkamrekodi wa kweli mkajitafutia kesi.)

Sauti ndo itawaua. Azimeni simu ya pili, ifichwe karibu yake irekodi sauti tu. Pigeni asubuhi kabla ya saa tatu, mchana jua la huku linafuta sura. Kibali ulizeni mapema, na mwenyekiti wa mtaa msimruke.